Uchambuzi wa kisa: kambi ya kishua kando ya ziwa mkoani Lindi, na majani yaliyokuwa yanajifyeka yenyewe

Kwanza kabisa

Kisa hiki ni cha hapa hapa mkoani Lindi. Nimeondoa jina la ziwa, la kijiji na la mwenye kambi, na vitu viwili vitatu nimevisogeza kidogo ili asitambulike. Mwenyewe ameridhia kiandikwe, sharti lake lilikuwa moja tu, nisimpambe. Mimi nawafanyia buking na hesabu baadhi ya wenye loji na kambi huku kusini, kwa hiyo risiti zake, mikataba yake na meseji za wageni waliokasirika vyote vilipita mikononi mwangu. Nitamwita Mama tu, maana ndo tunavyomwita.

Mahali na wazo lenyewe

Mtu akisema utalii Lindi, akili za wengi zinakimbilia Kilwa, magofu na bahari. Ila ukitoka mjini ukaipa bahari mgongo, ardhi inaanza kupanda mpaka uwanda wa Rondo, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, msitu mnene, mivule iliyobaki baada ya miaka na miaka ya kuvuna mbao, na chini yake mabondeni kuna vijiziwa na vinamasi ambavyo nje ya wavuvi wa mitumbwi na wakulima wa mpunga hakuna anayevijua vizuri. Misitu hiyo ndo kwao komba wa Rondo, mnyama wa usiku wa gramu 60 hivi, mmoja wa komba wadogo kabisa duniani na yupo hatarini kutoweka. Na bara huko huko ndo Tendaguru, Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria, yaani mjusi mkubwa wa kale, kuanzia 1909 mpaka 1913, wapagazi wakaibeba vichwani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na mjusi mwenyewe amesimama Berlin hadi leo.

Mama ni mstaafu wa serikali, anaishi Mtwara, ana shamba la korosho na kiinua mgongo chake hakukila. Hesabu yake ilikuwa hivi: ufukweni kila mtu anauza kitu kile kile, pweza, machweo na kitanda cha kamba. Watu wa Mtwara wenye mishahara, wa gesi, wa saruji, wa mabenki, wa mashirika, wikiendi wanazunguka sehemu zile zile. Wape ziwa, mlima na msitu kwa pamoja, hema la turubai nzito lenye kitanda cha sita kwa sita, bafu la maji moto humo humo ndani, sakafu ya mbao inayoangalia maji, na chakula cha maana. Wazo zuri, hata leo bado nasema ni zuri. Tatizo halikuwa wazo.

Kuchagua kiwanja, Oktoba 2022

Alienda kuangalia kiwanja mwezi Oktoba, kiangazi kimekaza, na ule mwaka wenyewe mvua zilikuwa hafifu sehemu nyingi za nchi. Alikuwa na fundi, shemeji yake na kijana wa bodaboda aliyewapeleka. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma sana na likaacha tambarare safi, majani mafupi ya kijani, yamelala sawasawa kama uwanja wa mpira. Fundi akafurahi kuliko wote, akasema mama hapa hata kufyeka hapahitaji, tunashusha mbao tu.

Kwenye diko, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, alikuwepo mzee mmoja anashona wavu. Mama akamsalimia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mnataka kujenga hapo?"

"Ndiyo babu. Pazuri mno, majani yenyewe kama yamefyekwa jana."

"Eeh. Sasa wewe unadhani nani anayafyeka?"

Mama akacheka, akadhani anasema ng'ombe wa wafugaji. Mzee naye hakuendelea, akarudi kwenye wavu wake. Kwa mtu anayeijua nchi hii jibu lilikuwa limeshatoka: majani mafupi yaliyosawazika kando ya maji, mahali ambapo hakuna ng'ombe anayelala karibu, hiyo ni malisho ya viboko. Kiboko mchana anashinda majini, jua likizama anatoka kula, anakata majani kwa midomo mpaka yanabaki mafupi, na alfajiri anarudi, kwa njia ile ile aliyopita jana na juzi na aliyopita mama yake. Njia zenyewe zilikuwepo, mifereji miwili imechimbika kwenye ukingo na mavi yametapakaa pembeni. Kwenye picha za simu za siku ile zinaonekana kabisa. Fundi aliiona mifereji akasema hii itatufaa kupitisha bomba.

Hapo hapo likafanyika jambo la pili, mkataba. Mama alikaa na mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wachache, wakakubaliana kodi ya mwaka, wakasaini, muhuri ukagongwa. Mkutano mkuu wa kijiji haukuitishwa. Wanakijiji walikuja kujua siku Fuso linashusha mbao.

Kujenga na kufungua

Mwaka 2023 wakajenga hema sita, nne mbele kabisa na mbili nyuma kidogo, jiko, na karo la choo la zege. Mama sio mtu wa kuvunja sheria, aliambiwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, akanunua futi kamba akapima mwenyewe. Ila alipima kutoka pale maji yalipokuwa yameishia kiangazi. Nikiwa naandika hili bado nasikia fundi akijitetea, "lakini tulipima jamani", na kweli walipima.

Wakafungua Desemba 2023 kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza El Niño mapema kabisa. Lakini Desemba ile ilienda vizuri, wageni walijaa, wakapiga picha za kahawa na ukungu wa mlimani, wakasikia viboko wakikoroma majini usiku wakafurahi sana. Kuna mgeni aliandika kwamba sauti ile peke yake inatosha bei. Kwenye matangazo wakaongeza na kuogelea ziwani, hili nitalirudia.

Usiku wa Machi

Januari maji yakaanza kupanda, Februari yakafika kwenye nguzo za sakafu za mbele, Machi tambarare yote ikawa maji ya magoti. Sasa fikiria upande wa kiboko. Malisho yake yamezama, kwa hiyo lazima apande juu zaidi kutafuta majani, na njia yake ya kupandia imezibwa na hema namba mbili na namba tatu, kamba zimekazwa huku na huku, katikati kuna taa za sola zinawaka mpaka asubuhi. Kwa wiki kadhaa walikuwa wanazunguka upande wa pili, na upande wa pili ndo kwenye majaruba ya mpunga ya wanakijiji. Wakala mpunga, wakakanyaga uliobaki. Mwenye kambi hana habari, kijijini watu wanasema wale viboko wamefukuzwa huko na kambi ya tajiri.

Usiku mmoja wa wikiendi, mvua imetulia kidogo, kiboko mmoja akaamua kupita njia ya babu yake. Alipita kati ya hema namba mbili na jiko. Mlinzi akamuona akapiga tochi usoni na kupiga kelele, mlinzi mwenzake naye akaja mbio kutokea upande wa ziwa. Yaani mnyama wa tani moja na nusu anamulikwa mbele, na nyuma yake, kati yake na maji, kuna mtu. Hiyo ndo hali mbaya kuliko zote kwa kiboko, akishtuka anakimbilia majini na chochote kilichopo njiani anakipitia. Alikimbilia majini kwelikweli. Akanasa kamba za hema, pembe moja ya hema ikang'oka, nguzo ikadondoka kwenye kitanda upande ambao kwa bahati hakuna aliyelala. Ndani walikuwepo wanandoa wapya, fungate yao. Mlinzi wa pili alijitupa kwenye matope, akatoka na mkwaruzo. Hakuna aliyeumia zaidi ya hapo, lakini bibi harusi alikaa kwenye gari mpaka kunakucha na hakutaka kusikia habari ya chai.

Maamuzi, na kwa nini

Asubuhi ile Mama alipiga simu tatu. Ya kwanza hotelini Lindi mjini, wageni wote wapelekwe huko kwa gharama yake, na pesa zao warudishiwe zote bila kubishana. Mimi nilimwambia arudishe nusu na nusu iwe wikiendi ya bure baadaye, akakataa, akasema mtu aliyekoswakoswa na nguzo humwambii rudi tena. Alikuwa sahihi. Wale wanandoa hawakuandika neno baya popote, na hilo pesa ya matangazo hainunui.

Simu ya pili kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kijijini tayari kulikuwa na sauti kwamba waombwe watu wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, waje wamuue, nyama igawanywe, mambo yaishe. Wakulima walikuwa na hoja yao, mpunga umeliwa na kifuta jasho kina safari yake ndefu ya fomu. Afisa alikuja, akatembea kwenye njia za viboko mchana, akauliza swali moja tu: nikimuua huyu, wale wengine wanaopita hapa hapa mtawafanyaje?

Simu ya tatu kwa fundi. Chaguo walizokuwa nazo ni uzio wa umeme kuzunguka kambi, ukuta wa magogo upande wa ziwa, au kuhama. Shemeji alitaka uzio, kwa sababu kuhama ni kukubali hasara mbele za watu. Lakini uzio ungefunga malisho moja kwa moja, viboko wote wangehamia kwenye mpunga na kambi ingekuwa na uadui na kijiji kizima. Ukuta wa magogo unaondoa kile mtu alichokilipia, yaani kuona maji. Mama alilala siku mbili na hesabu zake halafu akaamua kuhama, kwenye bega la mlima lililo juu ya ziwa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, nje ya mpaka wa msitu wa hifadhi. Safari hii alimtafuta yule mzee wa diko akamlipa posho ya siku nzima atembee naye aoneshe wapi wanyama wanapita, wapi maji yanafika mwaka wa mvua kubwa na wapi upepo wa kusi unapiga. Mzee alionesha alama ya maji kwenye mti ambao mafundi walikuwa wanaegemeza baiskeli kila siku. Akaongeza na habari za kimbunga cha 1952 kilichopiga Lindi, alivyohadithiwa na mama yake, ambazo hazikuhitajika ila huwezi kumkatisha mtu mzima.

Karo la zege lilivunjwa, maana ukipima kutoka kwenye ile alama lilikuwa ndani kabisa ya mita 60. Hiyo ndo gharama iliyomuuma kuliko zote. Hema zinahama, mbao zinahama, zege halihami.

Na mkataba ukarudiwa upya, mbele ya mkutano mkuu. Ulikuwa mkutano mgumu, watu walisema ya moyoni. Kilichotoka ni kwamba njia ya diko inabaki wazi masaa yote, njia mbili za viboko hazizibwi na mtu yeyote awe kambi au mkulima, mgeni akitaka kwenda ziwani anapelekwa na mvuvi wa kijiji na analipia mtumbwi, na sehemu ya kodi inaenda kwenye zahanati.

Halafu Hidaya

Wakati wanamalizia kuhama, Mei 2024, kikaja Kimbunga Hidaya. Barabara ya Dar kuja Lindi ikakatika, magari yakakwama siku kadhaa pande zote mbili. Buking zote za kutoka Dar zikafa. Kambi yenyewe huko juu haikuguswa sana, turubai moja lilichanika. Kule chini kwenye kiwanja cha zamani maji yalipita juu ya nguzo zote. Sitaki kusema zaidi, picha anazo Mama kwenye simu na huwa anawaonesha watu bila kuombwa.

Barabara kukatika kulimfundisha soko lake ni nani. Tangu hapo matangazo yake anaelekeza Mtwara, Masasi, Newala na Lindi yenyewe, watu wanaoweza kuja Ijumaa jioni bila kuvuka daraja lolote lenye historia mbaya. Wa Dar wakija ni sawa, lakini bajeti haijengwi juu yao.

Matokeo

Walifungua tena Julai na hema tano, ya sita haikuweza kurekebishika. Julai huko juu usiku ni baridi ya kutaka moto, mbu ni wachache, na asubuhi unaliona ziwa lote na ukungu wake, wakati kule chini ulikuwa unaona kipande tu mbele ya hema lako. Hii hakuna aliyeitegemea. Kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye mpango ni komba. Hema ziko karibu na ukingo wa msitu, kwa hiyo usiku wanasikika wakiitana, na kijana mmoja wa kijijini aliyewahi kuwabebea mizigo watafiti anawatambua kwa sauti. Sasa matembezi ya usiku ya kusikiliza komba, tochi yenye karatasi nyekundu, ndo kinachoulizwa zaidi kuliko mtumbwi. Safari ya siku moja kwenda Tendaguru nayo inauzika, ingawa nawaambia wageni mapema kwamba watakuta kilima na vichaka, mjusi yuko Ulaya, wasije wakalalamika.

Faida bado ni ndogo. Maji ya kuoga yanapandishwa kwa pampu ya sola na siku za mawingu mfululizo bafu la moto linakuwa la ndoo. Barabara ya udongo mwekundu kutoka lami ikinyesha ni Landkruza au trekta, kwa hiyo Februari mpaka Aprili wanafunga. Kwa mtazamo wangu kufunga ni uamuzi bora kuliko yote aliyoufanya, Mama mwenyewe anaona ni hasara.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Watu wakisikia kisa hiki wanasema kosa ni viboko. Hapana. Viboko walikuwa na ratiba inayojulikana na kila mtoto wa pale. Kilichoharibu ni kukagua kiwanja mara moja, mwezi mmoja, katika mwaka mkavu, pamoja na watu watatu ambao wote walikuwa na hamu ya kuanza kazi. Huku kusini mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba inaisha Aprili au Mei, kwa hiyo ziwa la Oktoba na ziwa la Machi ni maziwa mawili tofauti. Ningekuwa na pesa ya kuweka kitu kando ya maji baridi, ningeenda mara ya kwanza Machi, kwa taabu zote za barabara, halafu Oktoba iwe ya kuhakikisha.

La mkataba lina uzito kuliko linavyoonekana. Kama mkutano mkuu ungeitishwa 2022, yale majibu ya mzee wa diko yangetolewa na watu hamsini kwa sauti kubwa, na ugomvi wa mpunga usingefika kusubiri mpaka Machi. Wenye kambi wengi wanauona mkutano kama kikwazo cha kupata saini. Pale ndo palikuwa na utafiti wa bure kabisa.

Kuogelea lilikuwa tangazo la hatari na nashukuru halikuzaa msiba. Ziwa lenye viboko mara nyingi lina na mamba, na maji yaliyotulia yenye magugu na konokono pembezoni ndo maji ya kichocho, ugonjwa ambao mkoa huu unaujua vizuri. Mgeni anarudi Mtwara ana furaha, wiki kadhaa baadaye anakojoa damu. Tangazo lilifutwa siku ile ile afisa afya alipolisoma. Badala yake wameweka beseni kubwa la kuogea la nje, linalotazama ziwa, na kwenye picha linavutia kuliko ziwa lenyewe.

Walinzi hawakuwa wazembe, walifanya kile walichofundishwa mjini, kumulika na kupiga kelele, ambacho kwa mwizi kinafaa. Sasa utaratibu ni mwingine: mnyama akionekana, kaa kimya, rudi nyuma, usisimame kamwe upande wa maji, taa za chini zinazimwa saa tatu usiku. Mgeni haendi popote gizani bila kusindikizwa, hata awe nani, na kuna mheshimiwa mmoja alinuna kwa hilo.

Kuhusu ukishua, mimi na Mama hatujakubaliana bado. Yeye aliingia gharama kubwa kwenye taa za kuning'inia na mazulia. Meseji za wageni, nimezisoma zote, hazitaji mazulia. Zinataja choo kisafi, maji moto, shuka kavu, kambale wa kukaanga na ming'oko (viazi pori) ya kuchemsha iliyoletwa na chai saa kumi, na kwamba walilala bila kelele ya jenereta. Hela ya mazulia ingetosha tanki la pili la maji.

Kilichobaki ni kile kisakafu cha mbao kule chini, ambacho kiangazi wanakitumia kwa chakula cha mchana na mvua zikikaribia wanakifungua na kukipandisha. Mama sasa anataka kukigeuza kiwe gati dogo la mitumbwi, la kudumu. Wavuvi wamesema hawapingi, ila wanataka liwe upande wao wa diko na sio upande wa kambi. Na afisa mazingira kawauliza la kudumu vipi wakati mita 60 wanazijua. Mkutano umesogezwa mpaka korosho ziishe kuuzwa, kwa sababu sasa hivi kila mtu yuko shambani.